Pampu inazunguka, maji hayaji: anzia kisimani kabla ya kugusa mota

Kiangazi kikikaza, kuanzia Julai mpaka vuli ianze kunyesha, vibanda vya kuwaindi mota (kuzisuka upya koili zake) hapa Mwanza, kutoka Igoma mpaka Buhongwa, hupokea pampu nyingi ambazo mota zake ni nzima kabisa. Mwenye bustani ameona mota inazunguka na bomba limekauka. Anafungua pampu, anaipakia kwenye bodaboda, fundi anaijaribu kwenye ndoo, inasukuma vizuri. Anairudisha nyumbani, anaifunga, kimya. Kilichoharibika kilikuwa kisimani muda wote.

Ndiyo maana mpangilio wa uchunguzi hapa unaanza na maji, unakuja kwenye bomba la kunyonya, halafu umeme, na mota inakuwa ya mwisho. Nazungumzia hasa zile pampu ndogo za umeme zinazokaa juu ya ardhi, za nusu HP hadi HP 1, ambazo watu wengi wa Buswelu, Kisesa, Luchelele na Kayenze wanazitumia kumwagilia mchicha, chainizi na nyanya kutoka kisima cha kuchimba kwa mkono. Za petroli na za kuzamishwa nitazigusa mwishoni.

Kamba, jiwe na futikamba

Kabla ya kushika spana, funga jiwe kwenye kamba na ulishushe mpaka liguse maji. Weka fundo kwenye kamba usawa wa mdomo wa pampu, kisha toa upime. Unatafuta kimo cha wima kutoka uso wa maji hadi pampu, sio urefu wa bomba. Ukimaliza, shusha tena jiwe mpaka chini kabisa ujue una maji ya kina gani.

Pampu ya juu haivuti maji kwa nguvu zake. Inapunguza hewa ndani ya bomba, na hewa ya nje inayokandamiza uso wa maji kisimani ndiyo inayoyapandisha. Pwani hewa hiyo inaweza kuinua maji mita 10.3, hapo ni kwenye nadharia tupu. Sisi huku Mwanza uso wa Ziwa Viktoria wenyewe uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi zaidi, na kikomo cha nadharia kinashuka hadi karibu mita 9. Ondoa msuguano wa bomba, ondoa kizuizi cha valvu, ondoa kile ambacho pampu yenyewe inahitaji ili ifanye kazi, unabaki na mita 6 au 7 za uhakika. Kwa hiyo kibati cha maelezo kilichobandikwa kwenye pampu kikisema inanyonya mita 8 au 9, hiyo ni namba iliyopatikana katika mazingira mazuri usawa wa bahari. Mtu wa Dar es Salaam na wa Mwanza wakinunua pampu ileile, wa Mwanza amepungukiwa mita moja na zaidi kabla hajafika nyumbani.

Sasa chukua kisima ambacho mwezi Mei, masika yakimalizika, maji yalikuwa mita 4 kutoka pampuni. Septemba yako mita 7 na nusu. Pampu ileile, bomba lilelile, na hakuna impela (gurudumu la ndani linalosukuma maji) wala kapasita (ya kuisaidia mota kuanza) itakayorudisha maji. Kama kamba imekuonyesha zaidi ya mita 7, acha kutafuta ugonjwa mwingine. Una njia tatu: kuishusha pampu karibu na maji, kutumia pampu ya jeti ya kisima kirefu ile yenye mabomba mawili yanayoshuka kisimani, au kuhamia kwenye ya kuzamishwa.

Ya kwanza ndiyo rahisi kwa mfuko. Mafundi hutengeneza kitako cha chuma kinachoshikwa kwenye ukuta wa kisima na kuiweka pampu mita chache chini. Inafanya kazi vizuri mpaka masika. Usipoipandisha mapema, maji yanapanda yanaizamisha, na hapo sasa mota inaungua kweli. Pia usimruhusu mtu kushuka kisimani peke yake, bila kamba kiunoni na mtu wa kumshika juu. Visima vya zamani hukusanya hewa mbaya isiyo na harufu.

Mota inazunguka vizuri, hakuna hata tone

Kina kiko sawa, lakini maji hayaji. Zima umeme, fungua kizibo kilicho juu ya kichwa cha pampu, jaza maji mpaka yamwagike. Usiwe na haraka: bomba la inchi 1 lenye urefu wa mita 8 linameza lita 4 hivi, na hewa inatoka kwa vipovu polepole. Likishajaa, usifunge kizibo. Kaa uangalie uso wa maji kwenye tundu kwa dakika tano.

Hapo ndipo pampu inapokueleza tatizo lake.

Maji yakishuka, yanarudi kisimani. Mara nyingi ni futi valvu, ile ya chini kabisa kwenye ncha ya bomba inayoruhusu maji kuingia bila kurudi, imeshikwa na punje ya mchanga au jani na haifungi. Huku kwetu ardhi ni mawe ya granaiti yaliyooza kuwa changarawe, na punje moja ya changarawe ile inatosha kuizuia. Ivute juu, ifungue, sugua kitako chake kwa kitambaa, angalia kama mpira umepasuka au umekuwa mgumu. Kuipima ni rahisi: ikiwa imefungwa kwenye kipande cha bomba, jaza maji kwa juu na uishike hewani. Ikidondosha mfululizo, nunua nyingine. Chagua ya shaba yenye springi ya chuma kisichoshika kutu. Zile nyepesi za plastiki hazidumu msimu.

Maji yasiposhuka, futi valvu ni nzima. Funga kizibo, washa. Ikitoa maji sekunde chache kisha ikatema hewa na kukauka, bomba linakula hewa mahali fulani kati ya uso wa maji na pampu. Ni kama kunywa soda kwa mrija uliotoboka: unanyonya sana, unapata povu.

Tundu la kunyonya hewa halionekani kirahisi kwa sababu pampu ikifanya kazi halitoi maji nje. Linavuta hewa ndani, na watu wanapitisha macho juu ya kiungo kikavu wakisema hakivuji. Fanya kinyume. Pampu ikiwa imezimwa, bomba likiwa limejaa na kizibo kikiwa wazi, maji ndani yanasukuma kwenda nje. Futa kila kiungo kwa kitambaa kikavu, subiri, kisha pitisha kidole. Kiungo chenye unyevu ndicho mwizi. Pampu ikiwa inazunguka, paka povu zito la sabuni kwenye viungo, na pale povu linapomezwa ndipo penyewe. Wapo mafundi wanaomwaga maji juu ya kiungo na kusikiliza: sauti ya pampu ikibadilika kwa muda mfupi, wamepapata.

Anza na yunioni iliyo karibu na pampu, kwa sababu hiyo ndiyo inayofunguliwa kila mara na mpira wake wa ndani hubanwa vibaya. Kisha nipo, kile kipande kifupi cha bomba chenye tredi kinachoingia kwenye mdomo wa pampu: zungusha tredi tepu kufuata njia ya kukazia, mizunguko kumi au zaidi kwa tepu nyembamba za madukani. Kisha kizibo chenyewe. Kizibo kikipoteza mpira wake wa duara, watu hukiziba na mfuko wa nailoni, halafu wanashangaa.

Kosa jingine ni la kwetu hasa. Viwanja vya Mwanza ni mawe, na bomba la kutoka kisimani hadi pampu mara nyingi linapitishwa juu ya jiwe kwa sababu nani atalipasua. Hapo bomba linapanda, linashuka upande wa pili, ndipo linaingia pampuni. Ule mgongo wa juu unakusanya hewa na hautoi kamwe. Leo inafanya kazi, kesho inakata, keshokutwa unajaza upya. Bomba la kunyonya lazima lipande kidogokidogo kutoka kisimani mpaka pampuni bila mgongo hata mmoja. Kama jiwe liko njiani, hamishia pampu upande wa kisima. Upande wa kusukuma unaweza kupanda na kushuka unavyotaka, haudhuru.

La mwisho ni mpira laini. Hosi ya bustani haifai kunyonyea, inajibana yenyewe na kuwa bapa ndani ya kisima ambako huioni. Tumia bomba nyeusi gumu au hosi yenye mzunguko wa waya au plastiki ngumu ndani, na kipenyo kisiwe kidogo kuliko mdomo wa pampu.

Yanakuja, halafu yanakata baada ya muda

Dakika kumi au ishirini za maji safi, kisha hewa. Ukizima ukapumzika saa mbili, yanakuja tena. Hapa watu hulaumu pampu, wakati kisima ndicho kinachochoka.

Piga hesabu. Kisima chenye upana wa mita 1 kinabeba lita 785 kwa kila mita ya kina. Jaza ndoo ya lita 20 kwenye mdomo wa bomba ukitazama saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 40, unatoa lita 30 kwa dakika, maana yake ukiwasha nusu saa bila maji kuingia, uso umeshuka zaidi ya mita nzima. Kama ulianza ukiwa mita 6, sasa uko 7 na kidogo, na tumesharudi kwenye hesabu ya mwanzo. Shusha jiwe mara tu pampu inapokata, upime. Uso ukiwa umeshuka sana, jibu unalo.

Dawa ni kupampu kidogokidogo kwenye simtanki, alfajiri na jioni, kisha unamwagilia kutoka kwenye tangi kwa mteremko. Fundi mwingine atakushauri ubane geti valvu ya upande wa kutokea ili pampu itoe taratibu. Hapo uwe na mashaka, maana inategemea aina ya pampu. Zile za impela pana zinazofyatua maji kwa mzunguko, ukizibana zinatumia umeme kidogo, hazina shida. Lakini zile ndogo za bei nafuu zenye kichwa cha duara, ambazo impela yake ya shaba ina meno madogo kuzunguka ukingo, zenyewe ni kinyume: ukizibana, mota inabeba mzigo mkubwa zaidi na kupata moto. Kwa hizo weka tii (kiungo cha njia tatu) na bomba dogo linalorudisha sehemu ya maji kisimani. Na kamwe usibane upande wa kunyonya kwa pampu ya aina yoyote.

Inaunguruma, haizunguki

"Fundi, pampu imekufa, inalia tu."

"Mama, umejaribu kuizungusha kwa mkono?"

Hilo ndilo swali la kwanza. Chomoa kabisa kwenye soketi, usiridhike na swichi. Nyuma ya mota, toa kifuniko cha feni, jaribu kuzungusha feni kwa vidole. Nyingine zina mkato kwenye ncha ya shafti wa kuingiza bisibisi.

Ikigoma, imekwama. Zile pampu za meno hubaki na nafasi nyembamba sana kati ya impela na chuma cha kichwa. Ikikaa masika yote bila kutumika, kutu ya chuma inaishika impela. Usiipige nyundo. Fungua boliti za kichwa, toa kifuniko, sugua kutu kwa msasa laini, zungusha mpaka ilegee. Kumbuka gasketi: ukiweka nene kuliko ya awali, nafasi inaongezeka na nguvu ya maji inapungua; ukiweka nyembamba sana, impela inasugua. Kuanzia hapo, ukiacha kuitumia kwa muda mrefu, mwaga maji yaliyomo ndani au iwashe dakika mbili kila wiki.

Ikizunguka vizuri kwa mkono lakini kwenye umeme inalia, mtuhumiwa ni kapasita au umeme mdogo.

Kapasita ni kile kichupa cheusi au cheupe ndani ya kisanduku cha waya. Hubaki na chaji hata umeme ukiwa umechomolewa, kwa hiyo kabla ya kuigusa unganisha miguu yake kupitia balbu ya zamani ya nyuzi au rizista, kwa koleo lenye mpini wa plastiki. Ikiwa imevimba, imepasuka au imevuja mafuta, haina haja ya kipimo. La sivyo ipime kwa multimita yenye alama ya µF: kama imeandikwa 10 na inasoma 6, imekwisha. Ya badala iwe na µF zilezile, na volti zisiwe chini ya 450. Usikubali "hii kubwa kidogo itaipa nguvu", inaiunguza.

Sasa umeme mdogo. Tanzania tunapaswa kupata volti 230, lakini saa moja jioni mtaa mzima ukiwa umewasha majiko na pasi, hali ni nyingine. Ongeza na waya wako. Waya wa kopa wa milimita za mraba 1.5 kutoka nyumbani hadi kisima kilicho mita 60, kwenda na kurudi, una ukinzani wa takriban omu 1.45. Pampu ya HP 1 ikiwa inazunguka inavuta ampea 5 hivi, unapoteza volti 7, unaweza kuvumilia. Lakini inapoanza inavuta mara tano ya hizo, na unapoteza volti 36 kwa sekunde ile. Kama nyumbani una 200, pampuni imefika 164, na haitoki pale ilipo. Inalia. Ukiiacha ilie, inaungua.

Pima kwa multimita kwenye terminali za pampu wakati inajaribu kuanza, sio kwenye soketi ya sebuleni. Chini ya volti 207 ikiwa inaendelea kuzunguka ni dalili mbaya. Waya wa 2.5 unapunguza hasara hiyo kwa karibu asilimia 40. Angalia pia kama waya ni kopa kweli: kwangua kwa kisu, ukiona weupe ndani ya wekundu umeuziwa alumini iliyopakwa. Na kumwagilia alfajiri, umeme ukiwa mzima, hakugharimu chochote.

Inajizima, breka inaruka, au inapiga shoti

Ikizima yenyewe baada ya nusu saa na kurudi ikipoa, ndani ya mota kuna kinga ya joto na imefanya kazi yake. Sababu ni umeme mdogo, au mzigo uliobanwa kama nilivyoeleza, au kibanda. Watu wanaifungia pampu kwenye kisanduku cha bati kwa hofu ya wezi, jua la saa saba linaligeuza tanuri. Toboa matundu pande mbili, weka kivuli juu, acha nafasi nyuma ya feni.

Breka ikiruka papo hapo unapowasha, fungua kisanduku cha waya utazame unyevu, mchwa, au waya ulioungua. Kausha, jaribu tena. Ikiendelea, tenganisha waya wa pampu: breka ikikaa, shida iko ndani ya mota, na hapo fundi apime insulesheni kwa mega, kile kipimo cha kuonyesha kama umeme unavuja. Ikisoma chini ya mega-omu 1, maji yameshaingia.

Ukihisi mwasho ukigusa bomba au mwili wa pampu, hata kidogo, acha. Usiendelee kwa sababu "ni kidogo tu" na miguu yako iko kwenye tope. Ethi, waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, haipo au imekatika. Kazi hiyo afanye fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na aweke na breka ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30. Kwenye bustani yenye watoto wanaokinga maji, hiyo breka ni muhimu kuliko pampu.

Inadondosha kati ya mota na kichwa

Hiyo ni sili. Ni vipande viwili vinavyosuguana, kimoja cha kaboni na kingine cha seramiki, na maji ndiyo yanayovipoza. Pampu ikizunguka kavu, vinapata moto na kupasuka. Kwa hiyo sili iliyokufa mara nyingi ni matokeo. Chanzo ni mojawapo ya mambo ya juu. Ukibadilisha sili bila kuziba tundu la hewa, utarudi dukani.

Usiiache idondoshe. Maji yanafuata shafti, yanaingia kwenye beringi, beringi inaanza kukwaruza, shafti inacheza, na sili mpya nayo haidumu. Nenda na ya zamani dukani ilinganishwe, kipenyo cha shafti na urefu. Wakati wa kufunga, usishike nyuso zake kwa vidole vyenye grisi. Lainisha mpira kwa maji ya sabuni, isukume moja kwa moja kwa kipande cha bomba la plastiki. Zungusha feni kwa mkono kabla ya kuwasha. Ukisikia sauti ya mchanga kwenye beringi, badilisha zote mbili wakati umeshafungua.

Maji yapo, lakini dhaifu

Kwanza safisha kichujio cha futi valvu. Pili, angalia futi valvu isilale chini. Iinue angalau sentimita 30 kutoka sakafu ya kisima. Mchanga wa granaiti una kwazi, madini magumu na makali, na kwenye pampu ya meno unakula impela kwa msimu mmoja. Impela ikishalika, haitengenezeki. Wengine huweka ndoo iliyotobolewa yenye kokoto chini ya futi valvu, inasaidia. Mwisho, hesabu ulichofungua: pampu ya nusu HP haiendeshi vinyunyizio vinne, hata ikiwa mpya.

Kwa wanaonyonya moja kwa moja ziwani

Ugonjwa wenu ni gugu maji na matope. Upepo ukigeuka, asubuhi kichujio kimefunikwa. Fungeni ncha ya bomba kwenye dumu tupu linaloelea, ili ining'inie nusu mita chini ya uso na juu ya tope, na kuizungushia wavu mpana. Ikiwa juu sana inafanya kizunguzungu cha maji na kuvuta hewa, dalili ileile ya tundu.

Na tafadhali, tumieni kamba kuivuta nchi kavu. Kila anayeingia maji ya magotini kusafisha kichujio anakaribisha kichocho, achilia mbali kiboko na mamba. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 nayo imeweka mita 60 kutoka ufukweni ambazo haziruhusiwi shughuli za kudumu, kwa hiyo msijenge kibanda cha zege pembezoni mwa maji.

Ya petroli, na ya kuzamishwa

Ya petroli haina mota, ila upande wa maji ni uleule: ijaze maji, ziba hewa, pima kina. Jambo moja la kufa na kupona: usiishushe kisimani kwa sababu maji yako mbali. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inajaa kisimani, na anayeshuka kuizima hapandi. Anayeshuka kumwokoa naye hapandi.

Ya kuzamishwa haina shida ya kunyonya. Isipotoa maji, angalia umeme, kiungo cha waya kilicho ndani ya maji, na kama uso wa maji umeshuka chini yake. Ivute kwa kamba yake, kamwe usiivute kwa waya.

Kuwaindi au kununua

Harufu ya kuungua na koili nyeusi, hapo ndipo vibanda vya kuwaindi vina haki yao. Kwa nusu HP, uliza bei ya kuwaindi na bei ya mpya siku hiyohiyo. Ikipita nusu, nunua mpya, na ya zamani ibakie kichwa, impela na futi valvu za akiba. Kwa HP 1 na kuendelea yenye chuma kizito, kuwaindi kunalipa, ila mwambie fundi atumie kopa na akuonyeshe kabla ya kufunga. Kisha kabla ya kuirudisha kisimani, shusha tena jiwe.